Kumuenzi mtumishi wa shehia aliyetutoka: mwongozo kamili kwa Pemba na Unguja

Anapofariki muuguzi aliyetumikia kituo cha afya cha shamba tangu ujana wake, msikiti hujaa hadi uani. Watu hutoka Konde, Kengeja na Mtambile, na wengine huvuka kutoka Unguja kwa boti. Siku tatu zikishapita majamvi hukunjwa na turubali hushushwa. Kisha mtu mmoja barzani husema, “Huyu lazima tumfanyie kitu.” Wote huitikia, na mwaka hupita.

Haya yanaandikwa kwa ajili ya aliyesema maneno hayo na waliomuitikia. Mtumishi anayekusudiwa hapa ni yule ambaye jina lake halitoki nje ya wilaya: maalim wa skuli ya msingi, mkunga, bwana afya, bibi shamba, fundi wa maji, karani wa mahakama, sheha anayeiongoza shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali Zanzibar. Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji ajue anachokisoma. Mtu wa aina hii huenziwa kwa kazi yake kuelezwa barabara na kisha kuendelezwa. Kila nikitazama zinakokwenda nguvu zetu, naona nyingi huishia kwenye hafla na ubao wa marumaru, na kidogo sana hubaki kwa kukusanya alichokifanya. Hapa mpango umegeuzwa: kukusanya ndiko kunakotangulia na ndiko kunakochukua muda mrefu.

Hatua ya kwanza: haki za familia kabla ya heshima za watu

Siku za matanga si siku za kuunda kamati wala kupitisha karatasi ya michango. Rambirambi inayotolewa hapo ni ya wafiwa, isichanganywe na mfuko wowote. Jambo moja tu linafaa kufanywa siku hizo, tena kimya kimya: kijana mmoja mwenye adabu aandike majina na nambari za simu za waliokuja kutoka mbali. Wanafunzi wa zamani, wafanyakazi wenzake wa vituo vya mwanzo na kina mama waliojifungulia mikononi mwake hawatakutana tena mahali pamoja kama walivyokutana siku ile. Orodha hiyo mtaitegemea miezi yote inayofuata.

Kama marehemu ni mume, mjane wake ana eda ya miezi minne na siku kumi. Msimpelekee kinasa sauti wala mpiga picha. Akipenda kuzungumza, atazungumza na wanawake wanaomtembelea, na atawaambia wenyewe lipi linafaa kutoka nje ya nyumba.

Madeni yalipwe, wasia utazamwe usivuke theluthi, na mirathi ipelekwe kwa kadhi wa wilaya ikiwa familia inahitaji kugawiwa kisheria. Kamati haina neno katika hayo, isipokuwa kusaidia pale inapoombwa. Mahali msaada unapohitajika sana ni kwenye karatasi. Familia nyingi za shamba huchoka na safari za ofisini, na haki zikalala. Mteueni mtu mmoja anayejua kuandika barua na asiyechoka kukaa foleni, amsindikize mrithi: barua ya sheha, cheti cha kifo kutoka kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kisha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Aliyeajiriwa kabla ya hapo ana miaka ya utumishi iliyoutangulia, kwa hiyo barua yake ya kwanza ya ajira ni karatasi ya dhahabu. Itafuteni, itoeni nakala, na ya asili irudi kwa familia siku hiyo hiyo. Barua hiyo hiyo itakuja kuwa shahidi wa kwanza wa wasifu.

Hatua ya pili: kamati ndogo

Watu watano wanatosha, saba wakizidi. Mmoja atoke kwenye familia, mmoja awe amefanya kazi na marehemu, mmoja awe amehudumiwa naye, na mmoja awe imamu au mwalimu wa chuo cha Qur’ani. Wa mwisho awe kijana mwenye simu nzuri na subira. Wanawake wasipungue wawili, na kama marehemu alikuwa mkunga, wawe ndio wengi. Mhazini asiwe ndugu wa marehemu. Hilo linamlinda ndugu mwenyewe, kwa sababu maneno ya pesa huanza mapema.

Kuhusu siasa, Pemba kila mtu anajua kwa nini nalitaja. Vikao visifanyike kwenye maskani ya chama chochote, wala sare zisivaliwe siku ya hafla. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, subirini upite. Muuguzi aliwachoma sindano watu wa vyama vyote, na hafla yake isiwape wengine sababu ya kubaki nyumbani.

Kabla ya kuanza lolote, pata ridhaa ya familia kwa maneno yaliyo wazi: tutauliza watu, tutaandika, tutasoma hadharani, na kabla ya kusoma tutawaonesha. Wakikataa kitu kimoja, kiacheni. Wakikataa vyote, fanyeni dua mrudi majumbani.

Hatua ya tatu: kukusanya kumbukumbu

Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu. Simu itarekodi sauti, lakini daftari litaandikwa nani kasema, lini, wapi, na faili la sauti limepewa jina gani. Bila hivyo, baada ya miezi miwili mtakuwa na rundo la sauti zisizo na wenyewe.

Swali baya kuliko yote ni “Alikuwa mtu wa namna gani?” Jibu lake ni lile lile kila nyumba: alikuwa mtu wa watu, mpole, mcha Mungu. Halisemi uongo, lakini halimtofautishi na marehemu wa kijiji cha pili. Ulizeni kitu chenye mahali na saa ndani yake. Mara ya kwanza ulimuona wapi, na alikuwa anafanya nini? Siku gani ulimhitaji zaidi, na alifikaje? Alikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari ya ng’ombe? Alikuwa na neno gani alilolirudia mpaka watoto wakamuigiza? Chombo gani cha kazi hakikutoka mkononi mwake?

Kisha lipo swali ambalo mimi sikubali liachwe: kuna jambo aliloombwa akakataa? Hapo ndipo mtumishi wa umma anapojitokeza. Karani aliyekataa kuitanguliza kesi ya jamaa yake, bwana afya aliyefunga mgahawa wa rafiki, maalim aliyemrudisha mtoto wa mkubwa darasani kama mtoto mwingine: hadithi hizo hazisimuliwi kwenye matanga, kwa sababu mara nyingi aliyekataliwa amekaa kwenye jamvi. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe huzisimulia huku akicheka.

Nendeni kwa watu mahali walipo. Wanaume huzungumza vizuri barzani baada ya sala ya alasiri, kahawa ikipita. Wavuvi wafuateni dago, kambini kwao, siku bahari inapochafuka. Kina mama waliozalishwa na mkunga waulizwe na wanawake wenzao, ndani, bila wanaume kusikiliza mlangoni. Watumishi wenzake wa zamani wako Chake Chake, Wete au Unguja mjini, na hao hupendelea kupigiwa kwanza ili wapekue makaratasi yao. Msiwasahau wasiokuwa na cheo: mpishi wa skuli, mlinzi wa kituo cha afya, dereva wa gari ya shamba aliyembeba kila Jumatatu. Wanajua saa aliyokuwa akifika kazini kuliko mkuu wake wa kazi.

Tarehe zitawasumbua. Mzee hakumbuki mwaka, anakumbuka tukio, kwa hiyo mwekeeni vigingi vya kufungia kumbukumbu zake. Ilikuwa kabla au baada ya Mapinduzi ya 1964? Skuli zilikuwa zimeshafanywa bure, yaani baada ya Septemba 1964? Mzee Karume alikuwa hai, maana aliuawa Aprili 1972? Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, 1978? Ilikuwa zama za Mzee Mwinyi kuwa Rais wa Zanzibar, 1984 na 1985, bidhaa za nje ziliporudi madukani? Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa 1995 ulikuwa umeshafanyika? Kwa Pemba, umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ulifika 2010, na karibu kila mtu anajua alikuwa wapi taa zilipotulia. Kwa Unguja, ulizeni kuhusu ile miezi ya giza, mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011, ikiwa njiani kuja Pemba. Hilo liulizeni kwa uangalifu, maana huenda unayemuuliza alipoteza mtu.

Kwa watumishi wa afya vigingi viko vingine. Vidonge vya matende viligawiwa nyumba kwa nyumba kuanzia 2001. Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, Chake Chake, ilifunguliwa 2000, na wengi waliokuwa wakipima kichocho maskulini walipitia pale. Upulizaji wa dawa ya mbu majumbani ulianza 2006. Wengi wetu tunalichukulia kuwa la kawaida kwamba mtoto wa leo hapati malaria kila masika kama tulivyopata sisi. Halikutokea hivi hivi. Wako watu wa shehia waliobisha hodi, wakatukanwa kwamba wanaleta sumu, wakarudi tena kesho yake. Kama marehemu wenu alikuwa mmoja wao, andikeni nyumba ipi ilimfukuza na ilikuwaje mpaka ikamfungulia.

Karatasi nazo zina sauti zao. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu kutazama daftari la kumbukumbu za skuli. Ulizeni familia kuhusu barua za uhamisho, vyeti vya kozi, kadi za kazi, picha za mafunzo. Picha ikipatikana, andikeni majina ya waliomo kwa penseli laini upande wa nyuma, kutoka kushoto, siku hiyo hiyo, mbele ya anayewajua. Anayehitaji kwenda mbali zaidi atapata ripoti za zamani za idara za serikali katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Nendeni na barua ya utambulisho na mjue mnatafuta idara gani na miaka gani, la sivyo mtakesha.

Lipo la kuzuia pia. Vitabu vya wagonjwa havinakiliwi, hata kama mlinzi wa kituo ni shemeji yako. Siri ya mgonjwa haiishi kwa kufa muuguzi. Mama akisimulia uzazi wake kwa hiari yake ni sawa, lakini jina lake lisiandikwe mpaka aseme liandikwe.

Sheha ana ugumu wake peke yake. Ndiye aliyetoa barua za ukaazi, akasuluhisha ndoa, akagawa misaada, na serikali ndiyo iliyomteua. Wapo watakaomsifu na wapo wenye lao moyoni. Sikilizeni wote wawili. Kama manung’uniko ni ya kawaida, ya mpaka wa shamba au barua iliyochelewa, hayaharibu kitu. Mkiona jeraha ni kubwa na la watu wengi, ushauri wangu ni kuacha hafla ya hadharani na kutosheka na dua ya familia. Kumsifu mtu kwa spika mbele ya aliyeumizwa ni kumfungulia marehemu mlango wa kusemwa.

Hatua ya nne: kuandika

Wasifu tuliouzoea huanza na kuzaliwa, chuo alichosoma, skuli, ajira, vyeo, watoto, ugonjwa. Ni mpangilio wenye heshima na familia huutarajia, basi uwepo. Lakini usomwe kwa ufupi, na kabla yake msomaji aanze na kazi. Msikilizaji aliyekaa juani akisikia kwanza siku moja ya kazi ya marehemu, atavumilia orodha ya vyeo.

Tazama tofauti hii, kwa maalim wa kubuni. “Alikuwa mwalimu hodari na mpenda watoto” inaweza kusomwa juu ya mwalimu yeyote kutoka Nungwi hadi Kengeja. “Skuli ilipokuwa na kitabu kimoja cha hesabu, alinakili mazoezi ubaoni kabla wanafunzi hawajafika, na asiyekuwa na daftari alimpa nyuma ya karatasi za mitihani ya mwaka uliopita” ni ya mtu mmoja tu. Kila sentensi ya sifa iulizwe: ushahidi wake uko ukurasa gani wa daftari? Haina, ikatwe.

Hesabu nazo zipimwe. Msiseme mkunga alizalisha maelfu ya watoto kwa sababu inapendeza kusikika. Semeni alianza mwaka gani, aliacha mwaka gani, na kwamba katika darasa fulani la skuli ya kijiji walimu walipouliza, mikono mingapi iliinuka ya waliopokewa naye. Hiyo mnaweza kuihakikisha asubuhi moja.

Tumefundishwa kuwataja wafu wetu kwa mema, na sina hamu ya kulivunja hilo. Hata hivyo, mema hayadai umfanye malaika. Maalim aliyekuwa mkali ataelezwa ukali wake na waliochapwa, na wao ndio watakaotabasamu kwanza. Mkimlainisha kupita kiasi, watu watamtafuta wasimuone.

Andikeni matoleo mawili: la kurasa mbili kwa kusomwa, na kijitabu kirefu chenye masimulizi, picha na tarehe. Yote mawili familia iyapitie. Mtu mmoja tu awe na kalamu ya mwisho, maana wasifu ulioandikwa na watu saba husomeka kama barua ya kuomba mradi.

Na kama kijijini kuna mshairi, naye yuko daima, mpeni kazi ya utenzi. Ni ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, mitatu ya mwanzo ikifuata kina kimoja na wa nne ukishika kina kinachokwenda hadi mwisho. Kwa bwana afya, ubeti unaweza kukaa hivi:

*Alibisha kwetu hodi,*
*mvua, jua, baridi,*
*akatimiza ahadi*
*ya chanjo kwa wetu wana.*

Mpeni mshairi daftari, asitunge kichwani. Beti ishirini zenye mambo ya kweli zitakaa vinywani mwa watoto wa chuo muda mrefu kuliko hotuba ya mkuu yeyote.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Tenganisheni khitma na hafla. Khitma ni ya msikitini na nyumbani: juzuu thelathini hugawiwa wasomaji, dua huombwa, watu hula. Wapo wasiosoma khitma kwa msimamo wao wa dini, na kama familia ni miongoni mwao, msiwasukume. Hafla ya kumbukumbu ni kitu kingine, na mahali pake pazuri ni uwanja wa skuli au mbele ya kituo alichofanyia kazi.

Siku ichaguliwe kwa akili. Masika, Machi hadi Mei, turubali halitawasaidia. Msimu wa karafuu ukipamba moto watu wako juu ya mikarafuu na kwenye majamvi ya kuanikia, na aliyebaki kijijini ni mgonjwa. Ramadhani iacheni ipite. Ijumaa asubuhi haifai. Jumamosi au Jumapili baada ya alasiri, ikamalizika kabla ya magharibi, ndiyo inayopata watu wengi, na wa Unguja hupata nafasi ya kurudi kwa boti kesho yake.

Sheha apelekewe barua mapema, na kwa mkusanyiko mkubwa wenye spika muulizeni kuhusu taarifa ya wilaya na polisi. Mwalimu mkuu atoe ruhusa ya uwanja kwa maandishi. Tangazo lipelekwe redioni. ZBC, redio ya serikali, inasikika visiwa vyote, na kwa kaskazini ya Pemba kuna Redio Jamii Micheweni. Gazeti la Zanzibar Leo huweza kupokea makala fupi yenye picha ikiwa mmeiandika vizuri.

Sasa mgeni rasmi. Hapa najua nitapingwa. Msialike mgeni rasmi ambaye hakumjua marehemu. Akialikwa, ratiba inakuwa yake: watoto watakaa juani wakisubiri msafara, hotuba itahusu miradi ya serikali, na marehemu atatajwa mwanzoni na mwishoni. Mkuu wa wilaya akija kama jirani, karibu sana, akae mbele na asalimiwe kwa heshima yake. Kiti cha mgeni wa siku apewe mwanafunzi wake wa kwanza aliye hai, au mama wa mtoto wa mwanzo aliyempokea.

Ratiba yenyewe haihitaji kuzidi saa moja na nusu. Qur’ani, wasifu mfupi, mashahidi watatu wa dakika tano tano, utenzi au kasida ya watoto, neno la familia, tangazo la kinachoendelezwa, dua. Mashahidi wachaguliwe kabla na waambiwe kila mmoja asimulie tukio moja tu. Msemaji wa nne atajitokeza, hilo mlitarajie, na mwendesha shughuli awe mtu anayejua kumshika mzee mkono kwa adabu na kumrudisha kitini.

Chakula kiwe chepesi: kahawa, halua ya Wete, maji, mkate wa kumimina kwa watoto. Pilau ni nzuri, lakini ikishaingia, nusu ya michango imekwenda kwenye mchele na nyama na kamati nzima iko jikoni wakati wasifu unasomwa. Kuhusu picha kubwa ya marehemu, ulizeni familia, kwani wengine hawapendi itundikwe. Kaburi liacheni kama lilivyo.

Hatua ya sita: kitu kinachobaki

Watu wengi huanzia hapa, na mimi nimekuja nako mwisho makusudi. Kwa sababu mkishasoma daftari, mtajua kitu gani kinamfaa. Mkunga aliyelalamika miaka yote kwamba kina mama wanalala wawili kitandani anataka kitanda cha kujifungulia, si mnara.

Sadaka ya jariya ndiyo njia inayoeleweka na kila mtu kijijini. Kisima au mfereji, yaani bomba la maji, ndicho cha kwanza kutajwa, nacho kina masharti yake. Mamlaka ya Maji, ZAWA, iulizwe kwanza. Maji yapimwe, maana karibu na pwani huwa ya chumvi, na kisima kilichochimbwa karibu na choo kitamletea marehemu lawama. Muhimu kuliko kuchimba ni nani atalipa pampu ikiharibika. Andikeni jina la msimamizi na chanzo cha pesa za matengenezo kabla ya jembe la kwanza. Bila hilo, baada ya miaka mitatu kutakuwa na mfereji mkavu wenye jina la mtu mwema.

Mtu akitaka kuweka wakfu, tuseme mapato ya mikarafuu kwa ajili ya chuo au daftari za wanafunzi, iandikwe, iwe na mashahidi, na ipelekwe Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Chunguzeni ardhi kwanza. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ni ardhi ya serikali ambayo watu walipewa kuitumia, na si ya kutolewa wakfu kwa neno la mdomo. Ofisi ya ardhi iulizwe.

Mfuko wa wanafunzi ni mzuri ukiwa mdogo na wa uhakika: sare na daftari kwa watoto wachache kila mwanzo wa mwaka, wakichaguliwa na walimu pamoja na kamati ya skuli. Ukitaka kuwa mkubwa, ukapokea pesa kutoka nje, itabidi msajili jumuiya, na hapo kazi inakuwa nyingine kabisa.

Jina la jengo ndilo linalotamaniwa zaidi. Tumezoea majina ya viongozi kwenye mbao zetu, na hata ya wageni: hospitali ya Mkoani inaitwa Abdalla Mzee, Pemba ina skuli ya Fidel Castro, na Unguja kuna Lumumba, Ben Bella na Haile Selassie. Sioni sababu ya darasa moja la Micheweni lisiitwe kwa maalim aliyelifundisha. Jengo la umma si mali ya kamati, kwa hiyo ombi lianze kwa kamati ya skuli au ya kituo, lipite kwa sheha, lifike halmashauri au baraza la mji, na kwa skuli na afya liende hadi wizara husika. Ambatisheni kijitabu, kwani ombi lenye kurasa arubaini za ushahidi halipotei mezani kirahisi. Omba chumba kabla ya kuomba jengo: wodi, maktaba, darasa. Jibu huja upesi zaidi.

Pesa zote ziwekwe kwenye akaunti yenye saini tatu, mbili zikihitajika kutoa. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, inatosha na iko karibu. Kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe msikitini na skuli, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia.

Hatua ya saba: nakala

Kijitabu kichapishwe, hata kwa fotokopi yenye gamba. Nakala ziende kwa familia, skuli, kituo cha kazi, ofisi ya sheha, Nyaraka za Taifa, na makumbusho ya Chake Chake yaliyo ndani ya ngome ya zamani, kama watazipokea. Sauti zihamishwe kutoka simu kwenda kwenye kompyuta na diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Kundi la WhatsApp si ghala: hupunguza ubora wa picha, na simu ikianguka baharini vyote vimekwenda nayo. Daftari la asili libaki kwa mmoja wa kamati, na jina lake liandikwe ndani ya jalada.

Na kama bado yuko hai

Basi kazi imerahisika, na ajabu ni kwamba hatuifanyi. Mtumishi akistaafu hupewa saa ya ukutani, chai na picha ya pamoja. Mwendeeni kwake wiki ya pili baada ya kuagwa, akiwa hajui afanye nini asubuhi, na daftari lile lile. Msimwambie mnaandika wasifu, maana atakataa kwa haya. Mwambieni mnataka kujua skuli au kituo kilikuwaje alipofika, nani alimpokea, na alilala wapi usiku wa kwanza. Mpeni picha za zamani azitaje sura. Mwende wawili, msikae zaidi ya saa moja, na mumuulize siku gani mrudi.